Bweni la chuo, chumba cha kupanga au nyumba ya ndugu: ulinganisho kwa anayeanza mwaka wa kwanza

Mdahiliwa Mpya (mwanzisha mada)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Nimedahiliwa chuo kikuu, na ninatakiwa kuthibitisha kama nitachukua nafasi ya bwenini kabla muda wa maombi haujakwisha. Mbele yangu kuna njia nne: bweni la chuo, katika chumba cha watu wawili, chumba cha kupanga peke yangu nje ya chuo, nyumba ya kupanga kwa kuchangia na wanafunzi wengine watatu ninaowafahamu juu juu tu, au kukaa kwa mjomba, ambaye nyumba yake iko mwendo wa saa nzima kutoka chuoni na ambaye amekwisha kusema kuwa hatanidai hata senti. Kwa hesabu ya haraka, kwa mjomba ndiko nafuu kuliko kote, na bweni linafuata. Hata hivyo, kila ninayemwuliza hunisifia mahali alipokaa yeye, na mengine huyapuuza. Naomba mnisaidie kulinganisha. Kuchagua nitachagua mwenyewe.

Mpenda Hesabu

Mdogo wangu, hongera kwa kudahiliwa. Ningekushauri uhesabu saa kabla ya kuhesabu fedha, kwa sababu kodi huandikwa kwenye mkataba ilhali muda hauandikwi popote. Safari ya saa moja kwenda na saa moja kurudi, siku tano kwa wiki, katika muhula wa wiki 15, inakula saa 150. Ili uone uzito wake, tazama utaratibu wa vyuo vya Ulaya, ambako mwaka kamili wa masomo una pointi 60 na kila pointi hukadiriwa kudai saa 25 hadi 30 za kazi, ukijumlisha mihadhara, kujisomea na mitihani. Saa 150 zinatosha pointi 5 hadi 6, na katika vyuo vingi hilo ni somo zima la muhula. Anayekaa kwa mjomba wako, basi, anabeba somo moja zaidi ya wenzake, na somo lenyewe halina alama.

Sisemi kwamba kila saa ya njiani hupotea. Ukipata kiti, unaweza kupitia maelezo ya mhadhara wa jana. Ukisimama kwenye msongamano, huwezi. Lakini kuna hasara nyingine ambayo wengi huigundua wakiwa wamekwisha kuhamia, nayo ni ile nafasi kati ya kipindi na kipindi. Ratiba ya mwaka wa kwanza mara nyingi huweka mhadhara mmoja asubuhi na mwingine alasiri. Anayekaa bwenini hurudi chumbani akala na kupumzika, na anayekaa mbali hubaki akitafuta pa kukaa. Ukikaa mbali, jambo la kwanza la kujua ni saa ambazo maktaba hufungwa, na iwapo usafiri wa mwisho unaondoka kabla au baada ya hapo.

Mama wa Wanafunzi Wawili

Mwanangu, mjomba anapokwambia hatakudai, mshukuru sana, kisha ukae naye mzungumze. Nyumba ya ndugu ina wenyewe, na mgeni anayekaa muda mrefu huanza kuhesabiwa kuwa mtoto wa nyumba. Utaombwa kumsaidia mdogo kazi za shule, kupokea wageni na kubaki nyumbani siku ambayo wengine wametoka, wala hakuna atakayekuwa amekukosea, kwa kuwa hivyo ndivyo nyumba zinavyoendeshwa. Tatizo huja wiki ya mitihani, wakati wewe unahitaji ukimya na nyumba ina shughuli zake.

Ratiba ya muhula ikitoka, mpelekee umwonyeshe siku unazochelewa kurudi na majuma ya mitihani. Mweleze pia ni kazi gani za nyumbani utazichukua kwa hiari yako, maana anayejitolea mapema haombwi kila kitu. Nami nikutajie faida moja ambayo hesabu ya Mpenda Hesabu haikuigusa: ukiugua kwa mjomba, kuna mtu atakayegundua siku hiyo hiyo. Bwenini mwenzako anaweza kudhani umelala tu.

Kiranja Mstaafu wa Bweni

Niliwahi kuwa mwakilishi wa wanafunzi bwenini, kwa hiyo nitaeleza bweni kwa urefu kidogo, pamoja na yale ambayo kitabu cha mwongozo hakiyasemi.

Katika bweni, jambo linaloamua mengi kuliko ukubwa wa chumba ni mtu mtakayekaa naye. Mwaka 2001 mchumi Bruce Sacerdote alichapisha utafiti kuhusu wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa Chuo cha Dartmouth, Marekani, ambao walipangiwa wenzao wa chumbani kwa namna isiyowaachia kuchaguana, na akaona kwamba alama za mwanafunzi huathiriwa na za mwenzake wa chumba, na vivyo hivyo uamuzi wa kujiunga na vikundi vya kijamii. Lakini uchaguzi wa fani ya kusomea haukuathiriwa. Utafiti mwingine, uliofanywa katika Chuo cha Berea huko huko Marekani, ulionyesha kuwa mwanafunzi aliyepangiwa mwenzake mwenye mashine ya michezo ya video alipunguza muda wake wa kusoma, na alama zake zikashuka. Fomu ya chuo ikikuuliza kama unalala mapema au unakesha, jibu ukweli, wala usijibu kwa namna unayotaka kuonekana.

Mkishakutana, zungumzeni katika siku za mwanzo, kabla hapajatokea la kukasirikia. Kubalianeni juu ya saa ya kuzima taa, wageni wanaoweza kulala, vitu vinavyoazimwa na visivyoazimwa, na simu zinazopigwa usiku. Watu wa umri wa miaka 18 hadi 25 hushauriwa kulala saa 7 hadi 9, na kati ya mambo yote niliyosuluhisha nikiwa kiranja, ugomvi wa usingizi ulikuwa mgumu kuliko ugomvi wa fedha, kwa kuwa aliyekosa usingizi huamka akiwa hana subira ya kusikiliza.

Uliza pia mambo ya kiofisi. Je, bweni hufungwa wakati wa likizo, na mizigo huachwa wapi? Je, kupika chumbani kunaruhusiwa, au kuna jiko la pamoja? Mabweni mengi hukataza jiko na hita za umeme, na wanafunzi huona ni ukali wa bure, lakini kifaa cha wati 2,000 kikichomekwa kwenye waya mwembamba wa kuongezea umeme, waya hupata moto, na katika jengo la watu mia kadhaa moto haumdhuru mwenye kosa peke yake. Jambo jingine ni afya: kwa sababu ya msongamano, baadhi ya nchi, Marekani ikiwamo, hupendekeza wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaohamia bwenini wawe wamechanjwa dhidi ya meninjitisi, yaani homa ya uti wa mgongo. Uliza kituo cha afya cha chuo kabla ya kuhamia.

Hayo ndiyo magumu yake. Kwa upande wa pili, taarifa za chuo hufika bwenini kabla ya kubandikwa ubaoni. Ni huko utakakosikia kuwa mhadhara umehamishiwa ukumbi mwingine, nani ana mitihani ya miaka iliyopita, na mwalimu gani hupokea wanafunzi ofisini bila kuwafanya wajione wajinga.

Napenda Ukimya

Kiranja amesema vizuri, ila namwona akiwasahau watu wa aina yangu. Si kila mtu hustawi penye watu wengi. Mimi nilichukua chumba cha peke yangu, umbali wa kutembea kwa miguu kutoka chuoni, na sikuwahi kujuta. Nililala nilipotaka, na hakuna aliyegusa vitabu vyangu.

Hata hivyo, chumba cha peke yako kinakudai uende kuwatafuta watu kwa makusudi, jambo ambalo bwenini hutokea lenyewe. Nilijiunga na kikundi cha kusoma na chama kimoja cha wanafunzi tangu wiki ya utambulisho, kwa kujua kwamba nisipofanya hivyo ningeweza kumaliza siku nzima bila kuzungumza na mtu. Mdahiliwa, ukijijua kuwa huanzishi mazungumzo kwa urahisi, usidhani chumba cha upweke kitakufunza kuyaanzisha.

Nyongeza ya usalama, ingawa nimetoka kidogo kwenye ulinganisho: vyumba vingi vya kupanga havina jiko, na watu huwasha mkaa ndani wakafunga dirisha kwa sababu ya baridi. Gesi ya kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, na anayelala nayo huenda asiamke. Hilo halina mjadala.

Karani wa Mikataba

Naona tumezungumza juu ya usingizi na upweke, na mkataba hakuna aliyeufungua. Mwanafunzi hulinganisha kodi ya mwezi ya bweni na kodi ya mwezi ya mtaani, na hapo ndipo anapokosea hesabu. Bweni kwa kawaida hulipiwa kwa muhula au kwa mwaka wa masomo, ilhali mwenye nyumba mara nyingi hutaka mkataba wa miezi 12. Ukikaa miezi 9 na kulipa 12, kodi yako halisi kwa kila mwezi uliolala humo ni kubwa kwa theluthi moja kuliko ile iliyotangazwa. Juu ya hiyo weka amana, umeme, maji, intaneti, kitanda na godoro, kisha ugawanye jumla kwa miezi utakayokaa kweli. Tarakimu itakayotoka hapo ndiyo ya kulinganisha na ya bweni.

Kuhusu ile nyumba ya watu wanne, soma kwa makini kama mkataba ni mmoja kwa wote au kila mtu ana wake. Katika mkataba mmoja wenye wajibu wa pamoja, mmoja wenu akiacha chuo katikati ya mwaka, mwenye nyumba anaweza kuwadai mliobaki sehemu yake, na anaweza hata kumdai mmoja wenu deni lote. Mkataba wa chumba kwa chumba huwa ghali kidogo, lakini deni la mwenzako halihamii kwako.

Siku ya kuingia, piga picha kila ukuta, kila bomba na kila ufa, na umtumie mwenye nyumba siku hiyo hiyo ili ujumbe uwe na tarehe. Amana nyingi hupotea kwa uharibifu uliokuwapo kabla ya mpangaji. Na usilipe hata kidogo kwa nyumba ambayo wewe au mtu unayemwamini hajaingia ndani yake. Matapeli wanajua vizuri majuma ambayo wanafunzi wapya hutafuta vyumba kwa haraka, na dalali anayekuharakisha ulipe leo kwa kuwa kuna mwingine anakuja kesho amekwisha kukupa sababu ya kuondoka.

Magongo Mawili

Nina neno fupi. Mwenye ulemavu, maradhi ya kudumu au dawa zinazohitaji jokofu aandike kwa ofisi ya chuo mapema, akiambatisha barua ya daktari, kabla vyumba havijagawiwa. Chumba cha ghorofa ya chini au chenye choo karibu hupatikana kwa urahisi wakati wa kupanga, na huwa shida kubwa baada ya watu kuhamia. Hata anayepanga mtaani afike mwenyewe apime ngazi na mlango. Picha hazionyeshi ngazi.

Mdahiliwa Mpya

Nawashukuru nyote. Nimerudia hesabu kwa njia ya Karani, na chumba cha peke yangu kimetoka kuwa ghali kuliko vyote, jambo ambalo sikulitarajia. Nyumba ya watu wanne ni ya mkataba mmoja. Nilipowauliza wenzangu nini kitatokea mmoja wetu akiondoka, kila mmoja alinijibu kuwa hilo haliwezi kutokea. Nimeiacha. Kwa sasa naelekea kwenye bweni kwa mwaka wa kwanza, na kwa mjomba nitakwenda mwisho wa wiki na wakati wa likizo bweni likifungwa. Nimekwisha kuzungumza naye, naye amekubali, tena ameonekana kupumua. Kilichobaki kunitia wasiwasi ni mwenza wa chumba. Je, tukishindwana kabisa, ninaweza kuhama?

Kiranja Mstaafu wa Bweni

Inawezekana, lakini vyuo vingi huzuia uhamisho katika majuma ya mwanzo, mpaka ijulikane ni nani waliofika na ni nani hawakufika. Nafasi huanza kuonekana baada ya hapo, wale waliodahiliwa kwingine wanapokuwa wameondoka. Mwone msimamizi wa bweni mapema, ueleze jambo lenyewe bila kumchafua mwenzako, na uombe kuandikwa kwenye orodha ya wanaosubiri. Anayekwenda kulalamika baada ya mitihani ya katikati ya muhula hukuta orodha ni ndefu.

Karani wa Mikataba

Na kabla ya kuthibitisha, soma kipengele cha kujitoa. Mabweni mengine hurudisha sehemu ya malipo ukijitoa kabla ya tarehe fulani, na mengine hukudai muhula mzima hata kama hukulala hata usiku mmoja. Iandike tarehe hiyo pamoja na tarehe za mitihani.