Gereji inatoza taiming belti seti nzima, inafunga mkanda peke yake!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaki kuambiwa nipoe.

Nina Rav4 ya zamani, ile yenye injini ya 3S-FE. Mwaka jana niliipeleka gereji moja hapa mjini kubadilisha taiming belti, ule mkanda wa meno unaoifanya kamshafti (shafti inayofungua valvu) izunguke kwa mpangilio na kranki (shafti inayozungushwa na pistoni). Tukakubaliana seti nzima: mkanda, tensheni (beringi inayoukaza mkanda), ile beringi ya pili inayouongoza mkanda, wota pampu na oili sili za mbele. Nikalipia spea zote, nikalipa ufundi. Risiti ninayo, kila kitu kimeandikwa kwa jina lake na muhuri umegongwa.

Juzi injini ikaanza kulia asubuhi ikiwa ya baridi, mlio mwembamba upande wa kulia. Maji ya rejeta yanapungua na chini hakuna tone. Sikurudi kwao. Shemeji yangu ni fundi mitambo kiwandani, tukaifungua wenyewe uani. Unatoa tairi la mbele kulia, unaikingia injini jeki chini ya sampu (bakuli la oili) na kipande cha ubao, unafungua maunti ya kulia inayoishikilia injini, unatoa mikanda ya nje na puli ya kranki, makava yanaachia.

Sasa sikilizeni tulichokikuta.

Puli ya kranki ina makovu ya patasi kuzunguka ukingo wote, yaani walikuwa wanaigonga kwa nyundo badala ya kutumia pula. Kava la chini limeshikwa na boliti mbili, nyingine hazipo. Mkanda, haya, ni mpya. Basi! Tensheni ni ile ile ya zamani: ukiizungusha kwa kidole unasikia mkwaruzo mkavu, grisi imeisha kabisa. Wota pampu ni ile ile, na kwenye kile kitundu chake cha chini pana mchirizi wa kutu ulioshuka mpaka njia ya mkanda. Maji yangu yalikuwa yanaishia hapo. Sili ya kamshafti haikuguswa. Wamepaka silikoni kwa nje kuizunguka, oili imepenya pembeni na kulowesha ukingo wa mkanda mpya. Shemeji aliuminya kwa vidole, raba imeshaanza kuvimba. Mkanda wa kwenda kilomita 100,000 unauawa na sili ambayo nilishailipia!

Na kwenye 3S-FE mkanda huu hauzungushi kamshafti tu, unazungusha wota pampu na oili pampu pia. Beringi moja ikigoma humo ndani, mkanda unaruka meno au unakatika, hata kama ulifungwa jana. Ndiyo maana watu wanaojua kazi yao wanabadilisha vyote kwa mara moja, kwa sababu ufundi wa kufungua ni ule ule. Hilo fundi analijua vizuri kuliko mimi. Na anajua pia kwamba kava likisharudi, mwenye gari haoni kitu.

Nilipompigia simu jibu lake lilikuwa: "Bosi, hiyo injini haigongi valvu. Hata mkanda ukikatika, unavuta gari unafunga mwingine." Ni kweli, kwenye 3S-FE pistoni na valvu hazikutani. Kwa hiyo? Injini ikizima nikiwa nashuka mlima Kitonga na familia, lori limenikalia nyuma, usukani unakuwa mzito papo hapo, na breki ukishakanyaga mara mbili tatu zinakuwa ngumu kwa sababu buusta inayozilainisha inategemea injini inayozunguka. Hapo utaniambia habari za valvu? Na fundi huyo huyo anapokea 3S-FSE, ile D4, anapokea Land Cruiser za 1HZ. Hizo mkanda ukikatika valvu zinapinda, inabidi silinda hedi ishushwe. Wenye magari hayo wajiulize walifungiwa nini.

Nilibeba vyuma vya zamani kwenye ndoo nikampelekea mwenye gereji. Akaniambia fundi aliyefanya kazi ile ameshaondoka. Muhuri kwenye risiti ni wa gereji! Hela nilimlipa yeye, fundi wake simjui hata jina. Wota pampu moja nimeilipia mara mbili, na ya kwanza sijawahi kuiona kwa macho.

Huko Japani yanakotoka haya magari, gereji ikibadilisha mkanda inabandika karatasi ndogo ndani ya boneti, tarehe na kilomita. Mwaka unaweza kuukuta kwa hesabu yao ya Heisei, yaani miaka ya utawala wa mfalme wao, 20 ikiwa ni 2008. Gari langu lilikuja nayo. Hawa wa kwetu wameibandua na hawakuweka ya kwao.

Kazi tumeshaimaliza. Sili mpya, beringi zote mbili mpya, wota pampu mpya, mkanda mpya tena. Kitundu cha puli ya kamshafti tumekilinganisha na alama ya kwenye kepi ya beringi, kranki kwenye 0, tukaizungusha kwa spana mizunguko miwili kamili na kukagua upya kabla ya kuwasha. Mlio umekwisha na maji hayapungui.

Ila hela yangu naitaka. Wenye gereji mliomo humu, nijibuni: kwa nini spea iliyotolewa haikabidhiwi kwa mwenye gari siku hiyo hiyo, mkononi, hata bila kuomba? Na aliyewahi kurudishiwa pesa kwa kesi kama hii aseme alianzia wapi, maana risiti yenye muhuri ninayo na vyuma vya zamani bado viko kwenye ndoo. "Pole mkuu" msiniandikie.