Mtaji wa shilingi 1,500,000: ninunueje nguo za jumla Kariakoo bila kurudi na mzigo usiouzika?

Fundi wa Singida anauliza:

Ndugu zangu wafanyabiashara, habari za kazi. Mimi ni fundi cherehani hapa Singida mjini, na kwa miaka sita nimekuwa nikishona sare za shule na magauni ya sherehe katika kibaraza cha nyumba ya mama mkwe wangu. Wateja wanaokuja kuchukua kazi zao huniuliza kila mara kama sina blauzi, sketi au suruali za kike zilizo tayari, nami nimechoka kuwaelekeza kwenye maduka ya wenzangu. Nimetenga shilingi 1,500,000, fedha ambazo si za mkopo, kwa ajili ya kununua mzigo wa kwanza wa maana.

Nasema "wa maana" kwa sababu safari ya majaribio nilishaifanya, na haikwenda vizuri. Nilishuka Stendi ya Magufuli alfajiri, nikapanda mwendokasi hadi Msimbazi, na kabla sijavuka barabara kijana mmoja mwenye maneno mazuri alikuwa ameshalipokea begi langu na kuniita dada yake. Alinizungusha katika majengo matatu. Blauzi moja, yenye rangi ile ile na lebo ile ile, nilitajiwa kwa shilingi 9,000, kisha 7,500, kisha 11,000, na mawili kati ya maduka hayo yalikuwa yanatazamana katika korido moja. Lile la 7,500 lilikataa kuniuzia nilipotaka dazani mbili tu. Nikanunua kwa 9,000 kwa kuwa jua lilishapanda na miguu ilishachoka. Mpaka leo blauzi tisa kati ya hizo 24 zinaning'inia ukutani, na kila mteja anayezijaribu ananirudishia akisema zinambana mabegani.

Naomba mnifahamishe: bei halisi ya jumla mtu huijuaje? Je, nimkatae kabisa winga, yaani kijana kama yule anayewatembeza wateja madukani, au ana kazi yake? Na kwa mtaji wangu, je, ni busara kuendelea na nguo mpya, au nihamie kwenye mitumba?

Ghorofa ya Pili anajibu:

Dada, pole kwa safari hiyo, ingawa nikuambie kweli kwamba bei zote tatu ulizotajiwa zinaweza kuwa sahihi. Nimeuza nguo za kike karibu na Mtaa wa Kongo kwa miaka 11, na blauzi moja dukani kwangu ina bei ya pisi moja, bei ya kuanzia pisi sita, bei ya dazani, na bei ya anayebeba robota zima kwenda nalo Lusaka au Moroni. Duka la 7,500 halikukuonea; lilikuwa likiuza kwa robota, na wewe ulitaka dazani mbili. Swali la "shilingi ngapi?" likisimama peke yake, muuzaji hulijibu kwa kukutazama begi, viatu na lafudhi. Uliza hivi: "Nikichukua dazani mchanganyiko, kila moja utanipa kwa shilingi ngapi, na nikichukua tatu utashuka mpaka wapi?" Hapo unakuwa umesema wewe ni nani bila kujieleza.

Kuhusu winga, sipendi anavyotukanwa. Hana fremu wala halipi kodi ya pango, lakini anajua ni nani aliyeshusha kontena wiki hii na ni ghorofa ipi yenye chimbo, yaani duka la bei nafuu lililojificha, ambalo halina hata kibao mlangoni. Ujira wake ni cha juu, yaani kiasi kinachoongezwa juu ya bei ya duka, nasi wenye maduka tunajua. Ukiingia kwangu ukiwa naye, siwezi kukutajia bei yangu mbele yake, kwa sababu kesho ataupeleka msafara wake kwa jirani. Ukimhitaji, mwambie mapema kwamba utamlipa mwenyewe ujira wa siku nzima na kwamba bei utazungumza wewe. Wapo watakaokataa, na hao ndio uliopaswa kuwaepuka tangu mwanzo. Begi lako usimpe mtu yeyote, hata akikuita mama mzazi.

Sasa nije kwenye zile blauzi tisa, maana nadhani tatizo lako liko hapo kuliko kwenye bei. Mzigo unaotoka Guangzhou huja katika pakiti ambazo mgawanyo wa saizi umekwisha kupangwa kabla haujafika kwetu, kwa mfano moja ya S, mbili za M, mbili za L na moja ya XL, na muuzaji wa jumla hakubali uchague L peke yake kwa kuwa zitakazobaki zitamfia yeye. Juu ya hilo, nguo iliyokatwa kwa kufuata vipimo vya soko la China huwa ndogo kuliko lebo yake inavyosema, kiasi kwamba XL yao mara nyingi inamkaa mwanamke ambaye kwetu anavaa M. Mfanyabiashara wa kawaida huligundua jambo hili akiwa ameshafika nyumbani. Wewe ni fundi! Kabla hujasafiri, wapime wateja wako watano au sita wa kawaida, bega, kifua na nyonga, uandike namba hizo kwenye karatasi, kisha ukifika dukani uitandaze nguo mezani na uipime kwa tepu yako. Lebo usiisome kabisa. Muuzaji akikukasirikia kwa kupima, nenda duka la pili, maana majengo ni mengi.

Siku ya kwanza usinunue kitu mpaka saa sita mchana. Zunguka, uliza kwa namna niliyokueleza, andika bei na namba ya fremu. Nguo ile ile utaikuta katika maduka manne, na bei ya chini kati ya hizo nne, kwa idadi ile ile, ndiyo bei yako ya jumla.

Jambo la majira nalo usilisahau. Mwenye duka la mkoani anayekuja kununua nguo za Idi katika kumi la mwisho la Ramadhani anakutana na wakazi wa Dar es Salaam wanaonunulia watoto wao, na katika msongamano ule hakuna anayekuwa na sababu ya kukupunguzia. Njoo Shaabani, watu wakiwa bado hawajaanza kufikiria nguo. Vivyo hivyo kwa Desemba: mzigo wa Krismasi ununue mapema Novemba.

Mama Belo anajibu:

Mdogo wangu, huyo kaka wa ghorofani amesema vizuri, ila naye anauza nguo mpya, kwa hiyo hakugusa swali lako la mwisho.

Mimi nimelea watoto wanne kwa mtumba wa Karume, pale Ilala, na soko lilipoungua Januari 2022 nilikuwa miongoni mwa waliosimama kando ya barabara wakitazama moshi. Nilianza tena. Mtumba una faida kuliko nguo mpya pale unapopata nguo nzuri, kwa sababu nguo inayofanana na yako haipo mtaani na hakuna atakayekuambia kwamba jirani anaiuza kwa bei ndogo. Lakini usinunue belo zima kwa mtaji wako wa kwanza. Belo la kawaida lina kilo 45, linauzwa likiwa limefungwa na kukazwa kwa mikanda, na huruhusiwi kulipekua kabla ya kulipa. Unanunua maandishi yaliyo juu yake pamoja na uaminifu wa aliyekuuzia. Likikutokea vibaya, theluthi ya nguo ni madoa na zipu mbovu, na hapo mtaji umeshaumia. Njoo alfajiri, wakati wenye belo wanafungua, uchague moja moja. Utalipa zaidi kwa kila nguo kwa sababu unachukua chaguo la kwanza, lakini utaondoka na nguo 40 ambazo kila moja umeiona kwa macho yako. Nguo za ndani za mtumba usiziguse hata ukizikuta zimetandazwa, kwani Shirika la Viwango limezipiga marufuku.

Na kabla hujatafuta mzigo mwingine, zishushe hizo blauzi tisa ukutani. Fumua mshono wa bega na wa ubavuni, ongeza kipande cha kitenge, kisha rudia kitenge hicho hicho kwenye kola au mfukoni ili kionekane kuwa ni mtindo. Nina hakika zitauzika kwa bei kubwa kuliko uliyokusudia mwanzo, maana blauzi yenye kitenge mabegani siku hizi wanaofanya kazi ofisini wanaigombania.

Ukiwa unarudi, pita maduka ya Mtaa wa Uhuru uchukue doti chache za kanga. Ukiwa mkubwa utanunua kwa korija, ishirini kwa mara moja, lakini kwa sasa doti kumi zinatosha. Kanga haina saizi. Mnene anaivaa, mwembamba anaivaa, na msiba au arusi haichagui mwezi.

Msafiri wa Tabora anajibu:

Wenzangu wamezungumzia bei ya nguo, mimi naomba nizungumzie bei ya safari, kwa kuwa ndiyo iliyonitoa jasho katika mwaka wangu wa kwanza. Tuseme nauli ya kwenda na kurudi, gesti ya usiku mmoja, chakula, ujira wa kuli na gharama ya kusafirisha mzigo vinafika shilingi 180,000. Ukinunua nguo 40, kila moja imebeba shilingi 4,500 za safari kabla hujaweka faida hata ya senti. Ukinunua nguo 120, kila moja imebeba 1,500. Ndiyo maana anayekwenda Kariakoo kila wiki mbili kufuata vitu vidogo vidogo anafanya kazi ya mabasi, siyo yake. Tafuta mwenzako mmoja mwenye duka la viatu au la watoto, asiyeuza unachouza wewe, muwe mnakwenda kwa zamu na kununuliana. Mimi hufanya hivyo na jirani yangu, ingawa mwanzoni tulikosana mara mbili kuhusu rangi.

Piga simu kabla ya kupanda basi. Mei 2023 nilifika alfajiri nikakuta maduka yamefungwa, wafanyabiashara wamegoma kwa malalamiko ya kodi, nikakaa gesti nikila mtaji wangu mwenyewe kwa siku mbili.

Treni ya mwendokasi inayofika Dodoma ni nzuri kwa mwili wako, lakini usiifikirie kwa robota. Mzigo ufungwe vizuri kwenye viroba, uandikwe jina na namba ya simu pande mbili, ukabidhiwe kwenye ofisi ya basi la kwenu kwa stakabadhi, nawe usafiri huru. Kuli mpatane bei kabla hajauinua mzigo kichwani, na utembee nyuma yake, si mbele. Jina la Kariakoo lenyewe lilitokana na wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na mpaka leo anayebeba mzigo ndiye anayejua njia.

Fundi wa Singida:

Nawashukuru sana nyote. Mama Belo, shikamoo, na nimeshafumua blauzi mbili. Ya kwanza ilichukuliwa na mwalimu kabla sijaipiga pasi. Nilivyoamua ni hivi: shilingi 700,000 ziende kwenye nguo mpya za kike, baada ya kupima kila mtindo, 250,000 ziende kwenye mtumba wa kuchagua, hasa magauni ambayo naweza kuyapunguza au kuyaongeza, 150,000 kwenye kanga, 200,000 ziwe za safari, na 200,000 zibaki nyumbani zisiguswe. Nina swali moja la nyongeza. Yule aliyeniuzia blauzi alinipa karatasi iliyoandikwa kwa kalamu tu, nami sikujua kama nina haki ya kudai nyingine. Je, nikikuta kasoro nikiwa nimeshafika Singida, kuna duka litakalonibadilishia?

Ghorofa ya Pili:

Mgawanyo wako nimeupenda, hasa hizo zilizobaki nyumbani.

Stakabadhi ya EFD, ile mashine ya kielektroniki ya risiti za kodi, ni wajibu wa muuzaji kuitoa na wajibu wako kuidai, na hakikisha kiasi kilichoandikwa ni kile ulicholipa, kwa maana mzigo ukisimamishwa na maofisa wa Mamlaka ya Mapato njiani, wewe ndiye utakayekuwa na viroba mkononi, na muuzaji atakuwa yuko Dar es Salaam anakunywa chai. Karatasi ya kalamu haikusaidii. Ukilipa kwa lipa namba, soma jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuweka namba ya siri, na ujumbe uutunze.

Kuhusu kubadilisha, maduka mengi yameandika ukutani kwamba mali ikishauzwa hairudishwi, na hawatanii. Baadhi yetu humbadilishia mteja tunayemfahamu, akituma picha siku ile ile mzigo ulipofika na lebo zikiwa bado zimo, ila hilo ni la hisani na huja baada ya safari ya tatu au ya nne. Kwa sasa fungua kila pakiti juu ya meza ya muuzaji kabla ya kulipa: vuta zipu zote, tazama kwapa na pindo, sugua kitambaa cheusi kwa leso nyeupe yenye maji kidogo uone kama kinachuja, kisha uhesabu. Hesabu kwa mikono yako, dada, hata kama pakiti imeandikwa 12. Mimi mwenyewe nimewahi kufungua katoni yenye pakiti 20 nikakuta tatu kati yake zina nguo 11.