Mrejesho: majani ya chuma yanayokatika shingoni

Niliuliza kwa nini majani ya mapambo ya geti, kazi ya wanafunzi wa uhunzi, hukatika pale jani linapokutana na kikonyo. Mliosema ni ukingo wa fuawe, kile chuma kizito tunachofulia juu yake, mlipatia. Ukiwa mkali huacha mkunjo shingoni mwa jani. Nyundo huulaza tu, hauungani, na ufa huanzia hapo. Sasa ukingo huo umesagwa kwa grenda, mviringo wa mm 5 hivi. Nondo nayo imeachwa, maana ugumu wake haueleweki. Tunatumia chuma laini cha duara, mm 12. Shingo hufuliwa chuma kikiwa cha njano kwa moto. Kikififia kuwa chekundu, kirudi motoni. Nta ya nyuki hupakwa chuma kikiwa cheusi lakini bado moto, ingawa geti la mvuani litahitaji rangi.