Sonona: amitriptilini au fluoksetini, ipi inafanya kazi zaidi?

Mwana Tandahimba
Wakuu, naomba msaada wa wajuzi. Dada yangu, miaka 34, amekutwa na sonona kali, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha. Kaandikiwa amitriptilini miligramu 25, kidonge kimoja usiku. Hii wiki ya tatu: usingizi anapata, ila huzuni iko palepale, hali chakula, mdomo mkavu, choo kigumu. Tunaambiwa hiyo ni dawa ya kizamani, tumnunulie fluoksetini duka la dawa. Au twende naye hospitali ya rufaa ya mkoa, Ligula, pale Mtwara?

Mfamasia Masasi
Pole kwa kuuguza. Mwaka 2018 jarida la tiba la The Lancet lilichapisha uchambuzi wa Andrea Cipriani na wenzake: majaribio 522, dawa 21 za sonona, watu zaidi ya 116,000. Dawa zote 21 zilishinda vidonge vitupu visivyo na dawa. Iliyoongoza kwa nguvu ni hiyohiyo amitriptilini. Fluoksetini ilikuwa nyuma yake, lakini walioiacha njiani walikuwa wachache kuliko hata waliopewa vidonge vitupu. Kwa jumla dawa na dawa hazipishani sana.

Kwa hiyo uzee wa dawa msiulaumu. Tazameni dozi. Miligramu 25 ni ya kuanzia, ndiyo inayotumika hata kwa kipandauso na maumivu ya neva. Kwa sonona ya mtu mzima daktari hupandisha taratibu, mara nyingi hadi 75 au 150 kwa siku. Wengi huachwa kwenye 25, wanalala vizuri, kisha inasemwa dawa imeshindwa. Usingizi huja mapema. Huzuni huanza kulegea wiki ya 2 hadi ya 4, na dawa huhukumiwa baada ya kama wiki 6 za dozi inayotosha. Ila msimpandishie wenyewe.

Nesi wa Zamu, Lindi
Na tafadhali msimchanganyie. Fluoksetini huzuia ini kuvunja amitriptilini, kiwango kinapanda kwenye damu na mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika. Daktari ndiye atakayepanga kushusha moja na kuanza nyingine. Kama anameza tramadoli, isemwe pia: ikikutana na fluoksetini inaweza kuleta jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa, hata degedege.

Jambo kubwa zaidi: amitriptilini ikimezwa nyingi kwa mpigo inaua. Asiachiwe pakiti. Mtu mmoja azifungie, atoe za usiku huo tu. Muulizeni waziwazi kama anawaza kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Akisema ndiyo, hospitali leo leo, msingoje kliniki.

Mwana Tandahimba
Asanteni sana. Akibadilishiwa fluoksetini tutegemee nini? Na daktari tumwambie nini?

Mfamasia Masasi
Kwa kawaida miligramu 20 asubuhi. Wiki za mwanzo kichefuchefu, kichwa kuuma, wasiwasi, usingizi kuruka. Mengi hupungua yenyewe. Hamu ya tendo la ndoa nayo hushuka, na hilo wagonjwa huona aibu kulisema, wanaacha dawa kimyakimya. Mwambieni mapema kwamba linasemeka na lina namna yake.

Kwa daktari: ugonjwa wa moyo, kifafa, presha ya macho, ujauzito, kunyonyesha. Na hili msilisahau: je, amewahi kuwa na siku za kuchangamka kupita kiasi, halali na hachoki, anaongea mfululizo, anamwaga pesa? Mtu wa aina hiyo akipewa dawa hizi peke yake anaweza kurudi huko. Ndiyo, mpelekeni Ligula, bebeni pakiti za dawa zote anazotumia.

Akipata nafuu bado ataendelea miezi 6 hadi 12, kisha hushushwa polepole. Msimu wa korosho ndipo watu hukatisha kwa kuwa wako shambani. Anayemtunzia dawa azifuate kabla hazijaisha.

Nesi wa Zamu, Lindi
Huku mkisubiri: maji ya kunywa kidogo kidogo kwa mdomo mkavu, papai na mboga za majani kwa choo. Mkojo ukigoma kutoka, au moyo ukimwenda mbio hadi kuzimia, msihesabu siku ya kliniki, mpelekeni saa hiyohiyo.