Mbwa wangu kang'atwa na mbwa koko mwenye udenda, naombeni ushauri

Mfugaji_Kihonda:
Habari za jioni wakuu. Niko Morogoro. Usiku wa kuamkia leo mbwa koko kapenya chini ya geti, kamvamia Simba wetu na kumng'ata sikio na shingo. Huyo koko hakuwa wa kawaida: udenda unamwagika, miguu ya nyuma inayumba, tukimrushia mawe hakimbii. Asubuhi vijana wamemmaliza kwa marungu na kumfukia. Simba ana miaka 4. Kadi yake ninayo, chanjo ya kichaa ya mwisho ni miaka mitatu iliyopita. Anakula, anacheza. Nimchanje au nimeshachelewa? Mke wangu anataka auawe, watoto wanalia.

Kachumbari:
Ua, mkuu. Mbwa utapata mwingine.

Kijana_wa_Babu:
Babu alikuwa anapaka pilipili kichaa kwenye jeraha. Kichaa kwa kichaa 😂

Daktari_wa_Ng'ombe:
Pilipili kaleni na mihogo. Mkuu, hiyo kadi ndiyo imemwokoa Simba. Mbwa aliyewahi kuchanjwa, hata kama muda umepita, hurudiwa chanjo haraka, kesho usilale, kisha unamfungia na kumchunga siku 45. Angekuwa hajachanjwa kabisa ningekuwa upande wa shemeji, maana njia nyingine ni kumtenga miezi minne, na nani kati yetu anaweza?

Kucheza kwake leo hakukwambii kitu. Kirusi hupanda polepole kwenye mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo, wiki kadhaa au hata miezi, na kwenye mate hutokea siku chache kabla ya dalili. Zile siku 10 mnazozisikia ni za mbwa aliyemng'ata mtu, si za mbwa aliyeng'atwa.

Halafu mpigie afisa mifugo wa kata leo hii. Kichaa huthibitishwa kwenye ubongo, sasa nyie mmepiga marungu kichwani na kufukia ushahidi.

Nesi_wa_Zamu:
Samahani, nani aliliosha jeraha la Simba?

Mfugaji_Kihonda:
Mwanangu wa miaka 9, mimi nikimshikilia mbwa. Maji tu, mikono mitupu. Kwani vipi?

Nesi_wa_Zamu:
Mate ya koko yalikuwa bado mabichi kwenye manyoya. Ngozi nzima haipitishi, ila mchubuko unapitisha, na jicho, na mdomo. Wote mnaomba ushauri wa mbwa, kumbe wa kwenda hospitali ni nyie wawili. Sasa hivi osheni mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili. Asubuhi mwelezeni daktari mlichogusa, yeye ataamua kama ni chanjo peke yake au pamoja na kingamwili. Dalili zikishatoka kwa binadamu, hatuna cha kumfanyia. Na msimtishe mtoto na hadithi za sindano za kitovuni, hizo ni za enzi za bibi zetu. Siku hizi ni mkononi.

Mfugaji_Kihonda:
Mrejesho wakuu. Mtoto kakutwa na mchubuko kidoleni, alijikata akimenya muwa wala hakutuambia. Kaanza chanjo, leo siku ya tatu kachomwa ya pili. Mimi mikono mizima, lakini nilikumbuka nilijifuta jasho usoni, nao hawakubishana, wakanichoma. Simba kachanjwa, yuko kwenye banda la kuku lililobaki tupu, bakuli tunamsukumia kwa mti. Usiku analia hadi majirani wanalalamika.

Afisa mifugo kaja siku ileile, kafukua, kachukua sampuli, tunasubiri maabara. Kapita nyumba 11 za mtaa wetu. Mbwa wenye kadi kakuta wawili, na mmoja ni Simba.

Kachumbari:
Huyo afisa huwa anafika na Mazimbu? Ninao watatu.