Naomba ushauri: niache benki niende kampuni ya mifumo?

Ngazi77 (mleta mada)
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni msanifu wa mifumo kwenye benki moja hapa Dar. Nilianzia dawati la kadi za ATM, leo ndiye ninayepanga jinsi simu, mawakala na TIPS (mfumo wa taifa wa malipo ya papo hapo) vinavyosomana na akaunti za wateja. Nimepata kazi kwenye kampuni inayouzia mabenki mifumo, mshahara karibu mara mbili. Usingizi sina. Niende au nibaki?

Mama Tunu
Mwanangu, una mkopo wa nyumba wa mfanyakazi? Ukitoka na ile riba nafuu inaweza kuondoka. Mume wangu alihama benki kwa mbwembwe, paa tukamalizia kwa vitumbua vyangu.

Kiberenge
Nenda. Sheria ya ajira ya 2004 inataka notisi ya siku 28 kwa wa mshahara wa mwezi, ila soma mkataba wako.

Mzee wa Hundi
Mimi nilikuwa kaunta TISS, mfumo wa Benki Kuu wa malipo makubwa kati ya mabenki, inaanza, 2004. Malipo makubwa tulizoea hundi, mteja anasubiri siku kadhaa. Vijana mnapenda kuhamahama sana. Kwani hao wamekutaka wewe, tena sasa hivi, kwa nini?

Ngazi77
Uzoefu tu, mzee.

Mzee wa Hundi
Sijakuuliza una nini. Nimeuliza kwa nini sasa.

Ngazi77
Sawa. Wameomba zabuni ya kubadilisha mfumo mkuu wa benki yetu, nami nipo kwenye kamati ya tathmini. Lakini alama niliwapa kabla hawajanipigia, na mfumo wao ndio bora kweli. Mkataba nimeshasaini. Sijamwibia mtu.

Kiberenge
Duh! Nafuta ushauri wangu.

Pwani Raha
Hii chai. Msanifu wa benki hawezi kuanika haya hapa. Haya, mteja kakatwa pesa, TIPS imekaa kimya mpaka muda umeisha. Unamrudishia papo hapo?

Ngazi77
Hapana. Kukosa jibu si kukataliwa. Pesa inakaa akaunti ya kusubiria, unauliza hali ya muamala kwa namba yake ya kumbukumbu. Ukirudisha wakati upande wa pili walishaingiza, benki imelipa mara mbili. Muamala usipoeleweka, unaenda kwenye usuluhishi wa hesabu, yaani kulinganisha kumbukumbu za pande zote mbili.

Pwani Raha
Mh. Huyu wa kweli. Hapo ndipo naogopa zaidi.

Mama Tunu
Mwanangu, jitoe kwenye kamati leo.

Ngazi77
Kikao ni Alhamisi, mama. Nikijitoa sasa watauliza sababu. Si bora nimalize, ndipo niage?

Mzee wa Hundi
Waache waulize, uwajibu. Mwandikie katibu wa kamati usiku huu: una maslahi na mzabuni, alama zako ziondolewe. Nakala kwa idara ya sheria.

Ngazi77
Na wakinifukuza kabla huko sijaanza?