Waliokutana na waliosoma nao chuo baada ya miaka mingi, tupeane uzoefu (sisi tunajiandaa Tabora)

Mwalimu wa Isevya:
Habari za saa hizi ndugu zangu. Tulimaliza Chuo cha Ualimu Tabora mwaka 1996, na sasa tumeamua kukutana hapo hapo mjini kabla hatujafika mahali pa kuonana misibani tu. Kundi la WhatsApp lilianza kwa mbwembwe. Picha za zamani zilibandikwa, tukacheka, tukakumbushana mchakamchaka wa alfajiri na maharage ya bwaloni. Ikafika siku ya kutaja mchango. Kamati ikatangaza laki mbili kwa kila kichwa: ukumbi, chakula, fulana, mpiga picha, keki. Toka siku hiyo kundi limepoa. Wengine wametoka usiku usiku bila kuaga, na waliotoka ndio hasa niliokuwa nataka kuwaona.

Mliokwisha kufanya jambo hili, tuambieni. Mlikutania wapi, nani alikuja, nani hakuja, nini kilitokea. Yaliyoharibika yasemeni pia.

Mzee wa Reli:
Mwalimu, hela zitawasumbua kidogo kisha zitaisha. Sisi wa Chuo cha Reli, waliomaliza 1983, kilichotutesa ni majina. Chuoni hakuna aliyeitwa jina lake. Kulikuwa na Saranda, Mchungaji, Jiwe, Kiberenge. Sasa mweka hazina anapokea michango kwenye simu, na tangu laini zisajiliwe kwa alama za vidole, simu inaleta jina la kitambulisho, yote matatu. Yeye hayajui hayo majina. Akadhani ni wale matapeli wa kutuma kisha wanaomba irudishwe. Kuna jamaa alirudishiwa hela yake, akatuma tena, ikarudishwa tena. Akapiga simu amefura: "Wewe, ni mimi Kiberenge!" Ndipo mambo yakaisha. Andikeni daftari mapema, jina la cheti huku, jina la bwenini kule. Na kwa wanawake ongezeni safu ya tatu, maana wengi wameshachukua majina ya waume zao.

Tulikutana stesheni, hotelini tulienda kulala tu. Nilimwona mzee mmoja mvi kichwa kizima, amekaa kwenye benchi na fimbo yake, nikamwamkia shikamoo kwa heshima zote. Akaitikia marahaba, akaniuliza watoto hawajambo. Ndiye Saranda! Nimemzidi miaka miwili, na mpaka leo shikamoo yangu hajairudisha.

Tukaanza kuulizana nani alikaa stesheni gani. Malongwe, Usoke, Kaliua, Nguruka, Uvinza. Kila stesheni ina kisa chake cha nyoka, cha treni kukesha porini, cha mke aliyegoma kuhamia. Reli ilipokodishwa 2007 na kurudishwa serikalini 2011 sisi tulishatawanyika, wengine wamestaafu mapema, wengine wanalima. Lakini ukimtajia mtu stesheni aliyokaa akiwa kijana, anakwambia hata mwembe ulikuwa upande gani wa ofisi.

Kilichotuchekesha zaidi ni wenzetu wa Dar. Walipanda SGR hadi Dodoma, wakamalizia safari kwa basi. Wanareli wazima, kwenye mkutano wa wanareli, wanashuka stendi! Walisemwa siku nzima, na waliistahili.

Masega:
Chuo cha Nyuki hapa. Hatukuchanga hata mia. Tuliambiana Desemba, kila mtu aje na cha kwao. Wa Sikonge alikuja na asali ya masega, wa Nzega na mchele, mimi na kuku wawili. Tukatandika mikeka chini ya miembe, embe zinadondoka zenyewe. Ukumbi wa nini Tabora Desemba? Ombeni tu mvua isinyeshe.

Mama Ujiji:
Mwakeye. Sisi tulifanyia Kigoma. Huku watu kupotezana na kutafutana ni mambo ya siku nyingi, Stanley alikuja kumfuata Livingstone hapa Ujiji tangu 1871.

Ushauri wangu mmoja: suala la waume na wake lijadilini mapema, tena kwa uwazi. Kuna kaka tulipendana chuoni, sisemi zaidi. Ajira zilipotoka akapangiwa Kirando, mwambao wa Nkasi, enzi ambazo kufika huko ni Liemba au ubaki nyumbani. Barua inasubiri meli, meli inasubiri siku yake, na hapo hujahesabu ikiharibika. Mwishowe tukachoka wote wawili, kila mtu akaoa na kuolewa kwake.

Basi mume wangu kusikia kwamba huyo bwana atakuwepo, akasema hata yeye ana hamu ya migebuka. Usingizi ukanipaa. Nilivaa, nikavua, nikavaa tena. Walipoonana wakapeana mikono, wakaulizana habari za kazi, na kabla soda hazijafunguliwa wakagundua wote ni Yanga. Nilisahaulika mpaka jioni! Sasa hivi wanapigiana simu kila baada ya mechi, na mimi kazi yangu ni kupeleka chaja.

Siku ya pili tulipita bandarini kuitazama Liemba. Kwa watalii ni meli ya historia, Wajerumani waliizamisha wenyewe 1916 na Waingereza wakaiibua 1924. Sisi tulikuwa tunaitazama kwa jicho lingine. Robo ya darasa letu iliripoti kazini na meli ile, na masanduku ya bati, na wazazi wamesimama gatini. Mmoja akaanza kutaja waliopanda naye safari ya kwanza, akafika jina la tano akanyamaza kwa sababu wanne wa mwanzo wameshafariki. Hapo hakuna aliyeleta utani.

Sina Haraka:
Nitawaharibia kidogo. Sisi (chuo nakiacha) hatukuchanga kwa sababu kuna mwenzetu alijitolea kulipia ukumbi, chakula, hadi nauli za wa mbali. Tukamsifu, tukampa kiti cha mbele, tukampa na kipaza sauti. Alikaa nacho. Kumbe bwana ana nia ya ubunge na nusu ya waalikwa ni wajumbe. Kura za maoni zilipopita hatukuonekana tena kwenye simu yake. Ukiona mtu mmoja analipia kila kitu, muulizeni anagombea nini.

Na kule kwenye kundi wekeni sheria ya kutouza dawa za kupunguza tumbo.

Mzee wa Reli:
Sina Haraka, mlikula lakini?

Sina Haraka:
Tulikula mzee wangu. Pilau ilikuwa safi, siwezi kusema uongo.

Bani:
Mwalimu, umesema waliotoka ndio uliotaka kuwaona. Nina la kusema hapo, chuo na mimi sikitaji.

Darasani kwetu alikuwepo kijana aliyekuwa anatufundisha hisabati usiku, baada ya mkufunzi kutuacha njia panda. Zaidi ya nusu yetu tulifaulu kwa msaada wake. Mwaka 2017 uhakiki wa vyeti ulipofanyika, jina lake lilikuwemo kwenye ile orodha ya watumishi zaidi ya 9,900 wenye vyeti vya kughushi. Cheti cha kidato cha nne. Alikuwa na miaka ishirini na ushee kazini. Akaondoka kijijini alikokuwa anafundisha, akabadilisha namba, akaenda Urambo kulima tumbaku.

Tulipopanga kukutana kundi likagawanyika. Wapo waliosema alitudanganya sote na alikalia nafasi ya mtoto wa mtu mwingine. Hoja ina uzito, siibezi. Mimi nilisema kosa lake serikali imeshalihukumu, sisi hatukuwekwa kuwa mahakama ya rufaa. Tukabishana wiki nzima, kamati ikashindwa kuamua, kwa hiyo mimi na mwalimu mwenzangu tukapanda basi tukamfuata.

Tulimkuta kwenye bani, lile banda la kukaushia tumbaku, anapanga moto. Alitufurahia kweli, mkewe akachinja. Alitusimulia kuwa 2022 ilipoamuliwa warudishiwe michango waliyokuwa wanakatwa kwenye mshahara, yeye alinunua maksai. Tulipomwambia habari ya mkutano akauliza swali moja tu: "Nikikaa meza moja na ninyi, nikiulizwa nafundisha wapi nijibu nini?" Hatukuwa na jibu, tukala, tukaondoka.

Siku yenyewe aliingia jioni, picha ya pamoja imeshapigwa. Baadaye mlinzi aliniambia kuwa yule mgeni alifika toka saa sita, alikuwa ng'ambo ya barabara kwa mama ntilie, akauliza mara mbili kama wameshamaliza kupiga picha. Wawili hawakumsalimia. Waliobaki tulikaa naye hadi usiku, na mwenzetu ambaye sasa ni mwalimu mkuu alimtolea kwenye simu swali la hisabati la darasa la saba lililokuwa linamshinda mwanawe. Akaomba kalamu.

Kwa hiyo fulana hizo, mwalimu, na kadi za mwaliko zenye cheo cha mtu, na ile desturi ya kusimama mmoja mmoja kueleza "kwa sasa niko wapi", zifikirieni tena. Hiyo ya kusimama hasa. Inawafaa wenye cha kusema. Asiye nacho anaanza kuhesabu watu waliobaki kabla hajafikiwa.

Mstaafu Mtarajiwa:
Bani amenigusa. Mimi nina dogo tu. Kwa umri wenu huo jiandaeni, mazungumzo yote yataishia kwenye kikokotoo, ile hesabu ya mafao ya mkupuo ya kustaafu. Kwetu mtu aliuliza tu kama ni ile asilimia 33 ya 2022 au 40 iliyoongezwa 2024, tukapoteza saa tatu na ratiba ikafa. Mwiteni ofisa wa mfuko aeleze asubuhi, yaishe.

Mwalimu wa Isevya:
Nimewasoma wote, na nimeyapeleka kwenye kamati. Keki imeondoka. Fulana zimeondoka, na aliyekuwa azishone amenuna. Mchango sasa ni elfu thelathini, na anayetaka kuleta mchele au kuku badala ya hela apokelewe vile vile. Tunaomba bwalo la chuo, nimeambiwa niandike barua. Ile ya kusimama na kujieleza, mwenyekiti ameikatalia, anasema bila hiyo watu watajuanaje. Tutaendelea naye. Tarehe bado tunavutana, Juni au Desemba.

Masega:
Desemba. Embe.

Mzee wa Reli:
Desemba mabehewa yanajaa kwa ajili ya sikukuu, waambie wa Dar wakate tiketi mapema. Na uwaambie waje na treni.